Kazi Isiyopigwa Picha

Bi Monicah alilifungua faili, akalifunga, akaligeuza nyuma kana kwamba pengine kazi imeandikwa huko, kisha akalifungua tena. Zakiya alikaa mbele yake, mikono juu ya mapaja, buibui limepigwa pasi na mumewe mpaka linang'aa, akingoja kusifiwa. Na kwa nini asingoje? Faili lilikuwa zito, lina karatasi za plastiki, na kila karatasi ina picha.

"Dada Zakiya," akasema Bi Monicah taratibu, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi, madamu."

"Na hapa?"

"Mimi pia. Hapo ni Watamu, mbele ya hoteli. Siku hiyo niliazima dhahabu ya wifi yangu."

"Na hapa umesimama na keki."

"Harusi ya watu hiyo. Bibi harusi nilimpamba mimi."

"Bibi harusi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba, madamu. Amepambwa, angekaa wapi?"

Bi Monicah akavua miwani, akayasugua macho. Yeye ndiye mtathmini wa kituo, mtu wa bara aliyeizoea Malindi na jua lake. Kazi yake ilikuwa kuwapima watu waliojifunza ufundi kwa mikono bila kukanyaga chuo, ili walio mahiri wapewe cheti cha serikali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kuona.

"Hii ni albamu ya Idi," akasema. "Nzuri sana, hongera. Lakini mimi sipimi unavyopendeza. Nataka nione unavyofanya kazi. Unavyomkaribisha mteja, unavyompima ngozi, unavyosafisha vyombo, unavyochora hina, unavyompamba uso, tangu mwanzo mpaka mwisho. Huo ndio ushahidi."

Waliokuwa kwenye benchi nyuma wakingoja zamu zao wakaguna kwa kicheko. 

Jamani, tumcheke Zakiya? Nani huku kwetu anayepigwa picha na leso ya jikoni, hina imempanda mpaka kwenye viwiko? Ukiambiwa picha unaoga, unavaa, unajifukiza udi, na dhahabu ukikosa unaazima. Karatasi ya kituo ilisema lete picha za kazi yako, naye akafanya kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa na mama yake angefanya.

Akajaribu kujitetea. Akafunua kurasa za mwisho, palipokuwa na picha za mikono iliyochorwa maua ya hina, mikono mitupu bila wenyewe.

"Mikono ya nani hii?" akauliza Bi Monicah.

"Ya maharusi wangu."

"Nitajuaje? Juzi kuna mtu ameniletea mikono aliyoitoa kwenye mtandao. Nyuma yake theluji inaanguka. Theluji, Malindi!" Akamrudishia faili. "Rudi kabla ya mwisho wa mwezi. Usipoleta kitu cha maana, itabidi ungoje mwaka ujao."

Mwaka ujao! Zakiya alitoka pale na faili lake kwapani. Kule Watamu, hotelini alikofanya kibarua cha kuwachora hina wageni, meneja wake Vivian alikuwa amemwambia wazi wazi: chumba cha urembo kinahitaji msimamizi, na msimamizi ni yeye Zakiya, kila mtu anamtaka. Ila wakubwa hawataki tena mtu asiye na cheti, awe msimamizi au kibarua. Mwezi ukiisha, mwenye cheti anaingia na asiye nacho anatoka. Na nyumbani Kisumu Ndogo mshahara ulikuwa huo tu. Tuktuk ya mumewe, Hilal, ilipinduka karibu na Gede, na tangu siku hiyo mtu anatembea na gongo. Mwenye nyumba alikwishaanza kuwasalimu bila kutabasamu.

*

"Si uwapige picha harusi ya Jumamosi?" Hilal alisema, akigeuza chapati. Tangu aumie alikuwa amejifunza kupika, na kusema kweli chapati zake zilishinda za mkewe, ingawa hapana aliyethubutu kulisema hilo.

"Na kikapu je?"

 Hakuna asiyekijua kikapu cha Zakiya. Upande wa wanawake, siku ya kupamba, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wanacheza walivyo. Picha moja ikiponyoka ikaingia kwenye simu za wanaume, ni aibu ya kuvunja ndoa. Basi Zakiya akifika kwenye harusi, kabla hajafungua mkoba wake wa hina, huweka kikapu mlangoni. Simu yake inaingia ya kwanza. Halafu za wengine wote, hata ya mama wa bibi harusi, hata ya shangazi aliyetoka Dubai. Ukinuna, nuna. Ndiyo maana majumba makubwa ya mjini yalimwita yeye, mwanamke wa Kisumu Ndogo, akaingia vyumba ambavyo hata mawifi hawaingii.

"Watu wananiita kwa sababu sipigi picha," akasema Zakiya, machozi yakimlenga, "na sasa natakiwa picha. Niambie, Hilal, nifanye nini?"

Hilal akainamia kikaango. Akamwekea chapati ya moto kwenye sahani, iliyo nene zaidi.

*

Aliyekuwa na jibu ni Kanze, na heri asingekuwa nalo.

Kanze alikuwa msingaji wa pale pale hotelini, mwanamke wa Dabaso, mcheshi, mwenye mikono ya kutoa maumivu hata kwenye jiwe. Harusi kubwa zikija, Zakiya humchukua kumsaidia. Mchana mmoja, nyuma ya chumba cha kufulia, Kanze alimvuta kando akampa simu.

"Tazama hii, somo."

Zakiya akatazama. Alijiona mwenyewe, mikono ya gauni imekunjwa, leso kiunoni, brashi kidoleni. Mbele yake Munira, mjukuu wa Bi Saleha mwenye jumba kubwa mjini, siku ya harusi yake mwaka uliopita: nusu ya uso imepambwa, nusu bado, nywele zimemwagika mabegani. Vyombo vimepangwa juu ya kitambaa safi. Kila alichokitaka Bi Monicah kilikuwa pale.

"Kanze! Simu yako si niliitia kikapuni mimi mwenyewe?"

"Moja uliitia."

"Hasha! Una simu mbili?"

"Mama wee, nilivutwa na uzuri. Sikumwonyesha mtu, naapa kwa kaburi la baba. Weka kwenye faili lako. Yule mama wa kituo ni mtu wa bara, atamjua wapi Munira?"

Zakiya alikataa. Alimgombeza Kanze mpaka akamwita jina lake lote na la babake. Kisha akaenda chooni, akakaa, akamfikiria mwenye nyumba, akalifikiria gongo la Hilal. Alipotoka, akasema kwa sauti ndogo, "Nitumie."

*

Duka la kuchapisha lilijaa watu. Watoto wa shule, mzee na kitambulisho chake, na wanawake wawili watatu. Zakiya alijibanza pembeni, buibui limefunika nusu ya uso, mtu aliyekuja kuiba hawi vingine. Kijana wa duka akatuma picha kwenye mashine, mashine ikakoroma, ikaanza kuitoa polepole, nywele kwanza, halafu paji la uso, halafu jicho lililopakwa wanja. Zakiya aliomba Mungu iishe haraka. Kijana, Mungu amsamehe, akaichukua, akainyanyua juu kwenye mwanga.

"Mama, utataka karatasi ya kung'aa ama hii ya kawaida?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Huyo si Munira wetu?"

Kati ya wanawake wote wa Malindi, aliyekuja kunakili kitambulisho saa ile alikuwa Bi Thuweba, shangazi yake Munira, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Na siku ile hakunong'ona. "Nywele za mtoto wetu! Kwenye duka! Mbele za wanaume! Zakiya? Wewe, Zakiya, wewe wa kikapu?" Akainyakua ile picha, akaikunja ikaingia kwapani, akatoka mbio na kitambulisho chake amekisahau mezani.

Mji wetu huu, mtu akipiga chafya mtaa wa Shela, mtaa wa Barani wanamwombea afya. Hata kabla ya alasiri habari ilimfikia Hilal nyumbani, tena imeongezwa chumvi: ati Zakiya anauza picha za maharusi kwa Wazungu. Hilal hakupiga kelele. Alisema tu, "Jina lako ndilo tulilokuwa tumebakiwa nalo, mama," akaingia ndani, na hilo lilimuuma Zakiya kuliko kelele. Jioni ukaja ujumbe kwa simu. Harusi ya Jumamosi, wenyewe walisema, wamepata mtu mwingine.

*

Kesho yake Zakiya alikwenda kwa Bi Saleha bila kuitwa. Kanze alimfuata nyuma, simu zake zote mbili mkononi.

Nyumba ya Bi Saleha iko mji wa kale, ya ghorofa, ina ubaridi hata adhuhuri. Wengine hukaribishwa juu. Wao waliachwa wasimame ukumbini chini, mpaka wafanyakazi wakapita mara mbili tatu wakiwatazama. Hatimaye Bi Saleha akashuka, ameshikilia ukuta, picha iliyokunjwa i mkononi mwake. Nyuma yake alikuja Rukiya, mjukuu wake mdogo, ambaye harusi yake ilikuwa ya wiki ile inayofuata.

"Shikamoo, Bibi."

Bi Saleha hakuitika. Ukiona mwanamke wa pwani hakuitikia shikamoo, jua mambo yameharibika.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema Zakiya. "Picha imepigwa kazini kwangu, na mimi ndiye niliyeipeleka dukani. Sina mtu wa kumlaumu. Imefutwa dukani, nimesimamia mwenyewe. Hizi hapa simu zetu, tazama kwa macho yako."

"Mimi ndiye niliyeipiga," Kanze akadakia. "Nilificha simu. Yeye hakujua."

"Nilijua nilipoichukua," akasema Zakiya.

Bi Saleha akampa Rukiya zile simu azipekue. Kisha akageuka. "Nilikufungulia chumba cha mjukuu wangu. Mimi! Watu wa ukoo walisema tumlete mpambaji wa Mombasa, nikasema hapana, Zakiya ana stara. Leo nimekuwa kituko. Kwa ajili ya nini? Pesa?"

"Cheti, Bibi." Akamweleza yote, faili, kituo, hoteli, hakuficha hata ile albamu ya Idi. Rukiya, aliyekuwa akipekua simu, akajiuma mdomo asicheke.

"Upuuzi!" Bi Saleha akapandisha sauti. "Kazi ya hina inaonwa kwenye karatasi? Mtu akitaka kuona kazi, si anakuja akaiona? Ana miguu, hana?"

Alisema kwa hasira tu, kama mtu anavyotupa kitu asitazame kinapoangukia. Lakini Zakiya alikidaka.

"Aje, Bibi?"

"Nani?"

"Mtathmini. Ni mwanamke kama sisi. Akija ataweka simu kikapuni kama wote. Atakaa, ataona kwa macho, ataandika kwa kalamu. Hakuna picha ya mtu itakayotoka."

 Bi Saleha akamtazama mwanamke yule aliyesimama mbele yake, uso umemshuka lakini macho hayajashuka.

"Wewe umekuja kuomba radhi ama kuomba kazi?"

"Vyote viwili, Bibi."

Rukiya akashindwa, kicheko kikamtoka. "Nyanya, mimi simtaki wa Mombasa," akasema. "Nilisema toka zamani, nataka Zakiya."

Bi Saleha akaichana ile picha vipande vidogo vidogo, taratibu, akavitia mfukoni mwa gauni lake. "Mlete huyo mwanamke," akasema. "Lakini nakwambia, ukiharibu, unaharibu mbele ya serikali na mbele yangu. Mlango huu hutaukanyaga tena."

*

"Kumbe hilo tu?" Bi Monicah alisema kwenye simu. "Dada Zakiya, mtathmini kushuhudia kazi ikifanyika ni ushahidi kuliko picha yoyote. Ungeniambia mapema! Lakini sikia. Siku hiyo mimi si rafiki yako. Sitakusaidia, sitatikisa kichwa. Nitaandika nitakachokiona. Na mengine ya faili, yalete. Vyombo unavyovisafisha, hina unavyoichanganya, na maneno ya wateja wako wa zamani, wametia sahihi."

Basi nyumba ya Kisumu Ndogo ikageuka karakana. Zakiya alivaa leso ya kazini, iliyofifia, yenye madoa, na safari hii Hilal akampiga picha hivyo hivyo alivyo: akichekecha hina kwa kitambaa chembamba, akikamua ndimu, akichemsha vyombo, akitupa wembe uliotumika. Moyo wa Hilal ulikuwa umerudi. Siku Zakiya alipomwambia amekwenda kwa Bi Saleha kwa miguu yake mwenyewe, alimwuliza kama amekula.

Shida ikawa mteja. Ushahidi wa kuchora hina unataka mkono wa mtu, na mtu anayekubali kupigwa picha.

"Chukua wangu," akasema Hilal.

"Wewe mwanamume!"

"Karatasi ya kituo imesema mteja awe mwanamke?"

Karatasi haikusema. Hilal akanyoosha mkono wake wenye misuli ya kushika usukani, akachorwa maua tangu vidole mpaka kiwiko, hatua kwa hatua, na jirani akashika simu. Kisumu Ndogo walimcheka mpaka wakachoka. Dukani walimwita bi harusi. Naye akawajibu, "Mnaona wivu, nyinyi hamna wake mafundi," akanunua unga wake akaenda zake. Zakiya alimpenda mumewe siku ile kama siku ya kwanza.

*

Siku ya hina, baada ya adhuhuri, chumba cha juu kwa Bi Saleha kilijaa wanawake, marashi na makelele. Kikapu kilikuwa mlangoni. Bi Monicah alifika na kitabu chake, akampa Bi Saleha shikamoo akaitikiwa, akatia simu yake kikapuni bila kuambiwa. Kanze alitia mbili. Watu wakaangua kicheko, na Kanze akacheka pamoja nao, uso chini.

Siku mbili kabla, Zakiya alikuwa amekuja kumpima Rukiya ngozi. Alimpaka tone la piko, ile rangi nyeusi wanayopenda maharusi kuzungushia maua ya hina, nyuma ya sikio, mahali pasipoonekana. Sasa akamkalisha kwenye mkeka, akanawa mikono, akainua nywele. Akaona wekundu, na vipele vidogo vimetapakaa.

"Inawasha?"

"Hapana," akasema Rukiya upesi mno.

"Rukiya."

"Kidogo tu. Usiku ndiyo iliwasha sana."

Zakiya akaliweka lile kopo la piko kando, akalifunika. "Piko siitii. Tutatia hina tupu."

Huyo Bi Thuweba akasimama! "Bibi harusi bila piko? Mkono upauke kama wa mgonjwa? Munira ulimtia!"

"Ngozi ya Munira ilikubali. Hii imekataa."

"Nataka kama ya Munira," Rukiya akaanza kulia. "Nimewaambia wenzangu wote itakuwa nyeusi."

"Ndiye huyo mliyemsifu," Bi Thuweba akawageukia wanawake. "Kwanza picha, sasa anatunyima piko. Mpigieni mpambaji wa Mombasa, njia ni lami, jioni atakuwa hapa."

Zakiya alimtazama Bi Monicah. Bi Monicah alitazama kitabu chake. Kalamu ilikuwa ikienda. Moyo wa Zakiya ulimwambia, tia kidogo tu, mstari mwembamba, nani atajua? Alikwisha kuusikia moyo huo mara moja, chooni kule hotelini, na alijua ulimpeleka wapi. Aliogopa, tusidanganyane.  Lakini sauti ilitoka sawa.

"Mpigieni," akasema. "Mimi sitamchoma mtoto wa watu apate malengelenge siku ya ndoa yake ili mimi nipate cheti. Atakayeitia, aitie. Si mkono wangu."

 Bi Saleha, aliyekuwa kitini, akamwita mjukuu wake kwa kidole. Akainua nywele, akatia miwani, akatazama nyuma ya sikio kwa muda mrefu.

"Thuweba," akasema, "kaa chini."

Zakiya akaanza. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito, halafu ukajisahau. Aliishika koni kama kalamu, akachora jani, shina, ua, akiacha nafasi pale ambapo wengine wangejaza, ili ngozi yenyewe iwe sehemu ya pambo. Kila hatua alimweleza Rukiya anachofanya, naye akaacha kulia, akaanza kuuliza. Kanze alipuliza, akapaka maji ya ndimu na sukari hina isipukutike, akafukiza karafuu chini ya mikono. Jua likaondoka dirishani. Walipobandua, Bi Thuweba alikuwa wa kwanza kuchungulia.

"Rangi ya papai!" akasema. Na ilikuwa kweli. Rangi ya chungwa, imepauka.

"Leo ndivyo," akasema Zakiya. "Hina haina haraka. Asiguse maji mpaka kesho."

Bi Monicah akafunga kitabu. "Basi na mimi nitarudi kesho," akasema, na usoni mwake hapakusomeka kitu.

Usiku huo Zakiya hakulala, na tuuache hapo.

Asubuhi Zakiya na Bi Monicah walipopanda ngazi walisikia kelele kabla hawajafika. Rukiya alikuwa katikati ya chumba, ameinyoosha mikono juu, anazunguka. Hina ilikuwa imekoza, nzito, rangi ya tende iliyoiva, kila jani limesimama peke yake. Hata Bi Thuweba aliushika mkono mmoja, akaugeuza, akaunusa karafuu. "Haya," akasema. "Nimenyamaza." Na kwa Bi Thuweba, hayo yalikuwa maneno makubwa.

Zakiya akampamba uso, akamsuka, akamvika. Alipomaliza, vigelegele vilipasua dari. Ndipo Bi Saleha akagonga sakafu kwa mguu, watu wakanyamaza.

"Huyu mwanamke anataka maneno ya wateja," akasema, akimwonyesha Bi Monicah. "Nani humu hakupambwa na Zakiya siku yake?"

Wakatazamana. Halafu mmoja akacheka, akasogea mezani, akaomba kalamu. Akafuata mwingine, na mwingine, hata Munira mwenyewe, amembeba mwanawe begani. "Niandike," akasema Munira, "kwamba nilimkasirikia, na kwamba nikiolewa tena nitamwita yeye."

"Hiyo ya pili usiandike," akasema Bi Saleha.

*

Majibu yalitoka siku ya mwisho ya mwezi. Uani kituoni watu walikuwa wengi, mafundi wa magari, washonaji, wapishi, kila mmoja na roho yake mkononi. Zakiya aliingia ofisini, Hilal akabaki nje na gongo lake.

Bi Monicah alikuwa na faili mbele yake. Alilifungua ukurasa baada ya ukurasa: mkono wa Hilal wenye maua, vyombo vikichemka, sahihi za wanawake wa mji mzima, na maandishi yake mwenyewe, kurasa na kurasa.

"Siku ile ulipofunika kopo la piko," akasema, "nilitaka kusimama nikupigie makofi. Sheria hainiruhusu. Nikaandika tu." Akageuza karatasi ili Zakiya aione. "Soma mwenyewe."

Zakiya akasoma jina lake lote, na jina la babake, na mbele yake neno moja. Mahiri.

Alilisoma tena. Akauliza, "Ni mimi?" na Bi Monicah akasema, "Ni wewe, Bi Zakiya." Akashukuru, akasahau mkoba, akarudi kuuchukua. Pale pale kwenye kizingiti akampigia Vivian, akamsomea neno lile. Kule Watamu Vivian akacheka kwenye simu. "Jumatatu, msimamizi. Njoo mapema, nikukabidhi funguo za chumba chako."

Hilal alimwona akitoka, akamtazama usoni, akajua. Akafuta macho kwa mkono wenye hina iliyoanza kufifia.

Sasa, vigelegele huku kwetu hupigiwa mtu mwingine. Unampigia bibi harusi, mzazi, mtoto aliyehitimu. Maisha yake yote Zakiya alikuwa amewapigia wenzake, harusi baada ya harusi, mpaka akajua kuuzungusha ulimi bila kufikiri. Mwenyewe hujipigii, utaonekana huna haya. Basi alisimama pale katikati ya ua wa serikali, mbele ya mafundi na washonaji na askari wa lango, akaweka kiganja mdomoni, akajipigia kigelegele, kirefu, kikali, mpaka pumzi ikamwishia.

Askari akaruka kwenye kiti chake. Ua wote ukamgeukia.  Kisha mshonaji mmoja, mwanamke ambaye hakumjua, na ambaye jibu lake mwenyewe lilikuwa bado liko ndani, akakipokea.